Mgeni Mwenye Adabu Nyikani Kambu

Hondohondo jike akitaka kutaga hujifungia. Huingia katika tundu la mti mkubwa, mlango ukazibwa kwa udongo na kinyesi, ukabaki ufa mwembamba wa kupitisha mdomo tu. Humo huatamia, na humo humo manyoya yake ya kurukia hupukutika na kuota upya. Kwa wiki kadhaa hana wa kumlisha ila dume, anayekuja na panzi, mjusi au tunda, akalipenyeza ufani, akaondoka. Anayetaka kujua kupiga picha za ndege ni kazi ya namna gani na akae mbali na mti kama huo, nyikani Kambu, mvua za vuli zikishanyesha, aangalie jinsi dume anavyorudi.

Harudi moja kwa moja. Hutua kwanza kwenye mti wa jirani, akageuza shingo huku na huku, na akiona jambo asiloliamini huketi pale pale na chakula mdomoni. Kila dakika anayochelewa kwa sababu yako, ndani ya mti kuna mwenye njaa. Ndiyo maana mpiga picha hodari hupimwa kwanza kwa jambo lisiloonekana pichani: je, dume aliendelea na safari zake kana kwamba hapakuwa na mtu? Mwenye kuijua kazi huwa ameketi mapema, tena mbali, amekwisha kulisoma tawi ambalo ndege hupenda kutua, upande anaotokea, na saa ambayo jua litamwangukia usoni. Akishajua hayo, nusu ya picha imeshapigwa. Kamera inauzwa Nairobi. Habari za lile tawi haziuzwi popote.

Kambu iko kwenye barabara ya Mombasa, kati ya Kibwezi na Mtito Andei, vilima vya Chyulu vikiwa upande wa machweo na mbuga ya Tsavo haiko mbali. Ni nchi ya miiba na mibuyu, nchi ya Wakamba, ambao wazee wao walisifika kwa upinde na kwa kunyatia bila upepo kuwafichua. Elimu hiyo haijapotea. Kijana anayechunga mbuzi anajua kanga hunywa wapi na kwezi hulala mti gani. Anachokosa ni lenzi. Tena ana faida kubwa: ndege wamemzoea. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, waliotoa mwaka 1895 kitabu cha viota vya ndege kilichojaa picha za porini, waliwahi kujificha ndani ya ng'ombe wa bandia, ngozi tupu iliyotandazwa juu ya fremu, ili wawasogelee ndege. Hapa mbuzi wapo tele, wala hakuna haja ya kumchuna hata mmoja.

Mwanga wa nyika ni mkali na hauna subira. Jua likishachomoza mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, muda mzuri huisha saa tatu hivi. Baada ya hapo ardhi hupata moto, hewa ikatetemeka, na lenzi ya milimita 500 inayomleta ndege karibu huyaleta mazigazi pamoja naye. Katika muda huo mfupi hakuna mwalimu mkali kama kwezi. Buluu na kijani cha mgongo wake hutokana na jinsi unyoya ulivyoumbwa kuvunja mwanga, kwa hiyo ukikaa upande huu anawaka, ukisogea hatua mbili ni mweusi mtupu. Hakuna mashine ya kurekebisha kosa hilo baadaye. Ni kuhama, au kungoja ageuke.

Mmoja wa kwezi hao, mwenye tumbo la rangi ya kutu na macho mekundu, anabeba jina la Johann Maria Hildebrandt, Mjerumani aliyefika Ukambani mwaka 1877 akikusanya mimea na wanyama. Siku hizo kumjua ndege kulikuwa kumpiga risasi, kumchuna na kumpeleka Ulaya. Mwaka 1969 njia nyingine ilianza kule Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi: usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, mwezi wa Novemba na Desemba, ndege wahamiaji wa Ulaya na Asia hushuka wakivutwa na taa za hoteli, hunaswa kwa nyavu nyembamba, hupimwa, huvishwa pete mguuni, huachiliwa. Ngozi ilitupa vipimo, pete ikatupa safari. Picha inatupa ndege akiwa kazini. Mwaka 1983 mtafiti Anne Rasa alieleza jinsi hondohondo na nguchiro wadogo wa nyika ya Taru wanavyotafuta chakula pamoja: nguchiro wakipekua, panzi wakiruka, hondohondo wakidaka, nao hondohondo wakiwaonya wenzao mwewe akitokea. Ushirika wa namna hiyo hauonekani kwenye droo ya makumbusho.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mpiga picha ni mgeni, na adabu yake ina masharti: asikate tawi linalokificha kiota ili apate kuona vizuri, asicheze sauti ya ndege kwenye simu kumwita anayelea, na akiona amesababisha hofu aondoke mikono mitupu. Lakini adabu peke yake haimponyi mwenyeji. Miti mizee yenye matundu ndiyo pia hugeuzwa makaa yanayouzwa kando ya barabara hii, na ni vigumu kuutetea mti ambao hakuna anayejua nani anakaa ndani yake. Picha yenye tarehe na mahali inaweza kuthibitisha taarifa inayopelekwa kwenye Ramani ya Ndege wa Kenya, ambamo nchi imegawanywa katika miraba ya takriban kilomita tisa kwa tisa na kila mwenye macho anakaribishwa kuandika alichoona. Hapo mgeni amelipa.

Anayetaka kuanza asingoje fedha za lenzi ndefu. Chozi huja kwenye maua ya uani, mnana hufuma kiota juu ya barabara. Achague ndege mmoja, amwangalie bila kamera mpaka aweze kusema atakachofanya kabla hajakifanya, kisha ndipo aazime simu ya jirani.