K Ileile, Saini Zote

Mliotazama mhadhara wa kundi la wadukuzi fail0verflow kule Berlin, Desemba 2010, mnakumbuka kile kibonzo cha xkcd: jenereta ya namba nasibu inayojibu 4 kila ikiulizwa. Kibonzo kilitosha kuwa hukumu. Sony walisaini programu za PlayStation 3 kwa ECDSA, mfumo wa saini za kidijitali, halafu k, namba ya siri inayopaswa kuwa mpya kwa kila saini, wakaifanya moja, haibadiliki.

Tuifuate hesabu, maana aibu imo humo. Kila saini ina sehemu mbili, r na s, na r huzaliwa na k. Saini mbili zikiwa na r moja, basi k ni moja, na hilo unaliona kwa macho kabla hujashika kalamu. Chukua tofauti ya hashi, igawe kwa tofauti ya s, moduli n ya mkunjo: umepata k. Zidisha k kwa s, toa hashi, gawa kwa r: huo hapo ufunguo wa siri. Mkunjo wenyewe, ulio msingi wa hesabu za ECDSA, haukuvunjwa. Urefu wa ufunguo haukusaidia kitu, na hapa nawageukia wale wauzaji wa biti, kila mwaka biti nyingi zaidi, ambao hata siku moja hawajaulizwa k yao inatoka wapi. Ufunguo wa siri umetembezwa sokoni umevikwa kanga mbichi.

Sony niwape haki yao: kutenga SPE moja, kiini kimoja cha kichakataji cha PlayStation 3, kwa kazi za siri lilikuwa wazo zuri.

Ila Aprili 2010, k ikiwa imelala vilevile, hawa hawa walikuwa na muda wa kuwanyang'anya wateja Linux kwa toleo 3.21 la programu ya mashine hiyo. Hilo sijawasamehe. Januari 2011 mdukuzi George Hotz akaanika ufunguo hadharani. Sony wakakimbilia mahakamani, kana kwamba hakimu anaweza kubadilisha k.

Taher ElGamal alishaonya mwaka 1985, kwenye andiko lenyewe lililozaa familia hii ya saini: k isitumike mara mbili. Na kabla yake, Wasovieti walipotumia upya kurasa za funguo za mara moja, Gene Grabeel, mwalimu wa shule, alianza kuzichambua jumbe zao Arlington Hall mwaka 1943, na wenzake wakatoka jasho kwa miaka. Wale walikuwa wachambuzi. Kwa Sony ilitosha aljebra ya kidato.

Agosti 2013 pochi za bitcoin kwenye Android zikaibiwa kwa r zilizojirudia. Mwezi uleule Thomas Pornin akatoa RFC 6979: k ikokotolewe kutoka kwenye ufunguo na hashi, bahati nasibu ikae pembeni. Anayeandika ECDSA leo na bado anaiachia jenereta peke yake impe k, aniambie anangoja nini.