Kioo cha Kompyuta Iliyotumika na Thamani Yake

Mnunuzi wa kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika aghalabu huuliza habari za prosesa, kisha za kumbukumbu, kisha za diski, na akishajibiwa hayo hudhani kwamba ameijua mashine. Ilhali kioo, atakachokikodolea macho tangu asubuhi hata usiku, hukichukulia kuwa ni kimoja kwa mashine zote zenye jina moja. Dhana hiyo ndiyo asili ya hasara, kwa kuwa kumbukumbu na diski hubadilishwa kwa bisibisi na fedha kidogo, bali kioo ni gharama na ujira wa fundi, wala daraja lake haliandikwi juu ya kifuniko.

Tutwae kwa mfano ThinkPad T480 ya Lenovo, iliyotoka mwaka 2018, ambayo maofisi ya Ulaya na Marekani yaliitumia kwa wingi na kuiuza baada ya miaka michache, hata ikafika katika maduka ya Dar es Salaam na Nairobi. Jina ni hilo hilo na ulalo wa kioo, kutoka pembe hadi pembe, ni inchi 14 zile zile, lakini vioo vilivyotiwa kiwandani ni vya daraja tatu: cha chini ni cha aina ya TN, chenye pikseli 1366 kwa 768, cha kati ni IPS, chenye 1920 kwa 1080, na cha juu ni IPS pia, chenye 2560 kwa 1440. Kwa hesabu, cha kwanza kina pikseli milioni moja na ushei, cha pili milioni mbili, na cha tatu zaidi ya milioni tatu na nusu. Na mwenye kusoma majedwali ya hesabu au maandishi madogo ataiona tofauti hiyo siku ya kwanza.

Kuzipambanua aina hizo hakuhitaji chombo. Fungua picha yenye uso wa mtu, kisha ulaze kioo nyuma polepole huku ukikitazama kutoka chini: kikiwa TN, uso utatiwa giza na rangi zitageuka kinyume, kwa sababu ya namna fuwele zake zinavyojisokota; kikiwa IPS, aina ambayo Hitachi iliitoa mwaka 1996, fuwele hulala sambamba na kioo, na picha hubaki karibu vile vile kwa kila upande. Ukitaka ithibati zaidi, programu ya kuchunguza mashine itakusomea namba ya kioo chenyewe. Na kikiwa kimetengenezwa na AUO, namba inayoanza B140XTN ni ya kile cha chini, na inayoanza B140HAN ni ya kile cha kati.

Aina ikishajulikana, huchunguzwa umri, maana taa ya nyuma ya kioo hufifia kwa kadiri inavyowaka. Chomeka chaja kwanza, kwa kuwa mashine nyingi hupunguza mwanga zikitumia betri, kisha pandisha mwangaza hadi mwisho na ufungue ukurasa mweupe mtupu. Kioo cha kati cha T480 kilipokuwa kipya kilipimwa mwangaza wa niti 250, na cha juu niti 300, viwango vinavyotosha ndani ya nyumba tu; basi usikihukumu chini ya kivuli cha duka, bali kisogeze karibu na mlango, na kama maandishi yanasomeka kwa taabu hapo, elewa kwamba nguvu zake zimekwisha pungua. Juu ya weupe huo huo utayaona mabaka meupe yaliyosababishwa na kifuniko kukandamizwa, na umanjano wa pembeni. Kisha geuza ukurasa uwe mweusi, mwekundu, kijani na buluu, ili pikseli zilizokufa zijifichue. Mwisho, fungua na ufunge kifuniko taratibu, na picha ikitetemeka au kukatika, shuku waya unaopita katika bawaba.

Ila hizi hazilingani kwa uzito. Pikseli moja iliyokufa pembeni ni hoja ya kupunguziwa bei, si sababu ya kuikataa mashine. Bali taa iliyofifia haina dawa ila kubadilisha kioo. Vivyo hivyo, TN si aibu: fundi aweza kuweka mahali pake IPS ya 1920 kwa 1080 kwa waya ule ule wa pini 30, ingawa kile cha juu hudai waya mwingine wa pini 40. Na atakayesahihisha picha au kuchora asidanganyike na neno IPS peke yake, kwa sababu kile cha kati huonyesha takriban theluthi mbili tu ya rangi za sRGB, yaani kipimo cha kawaida cha rangi za kompyuta. Mwandishi na mhasibu hawatadhurika kwa hilo.

Kwa hiyo safari ya mnunuzi mwenye hadhari haianzii kwa muuzaji, bali kwa fundi, akaulize bei ya kioo cha kati na ujira wa kukiweka. Kisha jumla hiyo aitoe katika bei ya mashine nzima yenye kioo kama hicho kizuri, na kitakachobaki ndicho kikomo cha kulipia mashine yenye kioo duni, na senti moja zaidi ni sadaka.