Wale ni Nani?

Kwa muda wa karne nzima hivi, wasomaji wa Ulaya na Marekani wamependa riwaya za dunia iliyopotoka. Huxley alitoa yake mwaka 1932, Orwell mwaka 1949, Bradbury mwaka 1953, Atwood mwaka 1985. Ukizisoma utaona kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Dola inataka kumiliki mpaka fikra za watu, lugha inapindwa hadi uongo ukavaa kanzu ya ukweli, vitabu vinachomwa au vinasahauliwa, na yumo mtu mmoja mnyonge anayeanza kuuliza maswali.

Yupo atakayesema: kuna utamu gani katika kusoma dhiki? Mtu wa Kizimkazi aliyeshinda baharini ana haja gani ya kutishwa na kitabu usiku? Mimi naona hofu iliyopewa jina hupungua uzito. Sisi tuliokuwa vijana Unguja mwaka 1972 tunajua ilivyokuwa kunong'ona ndani ya nyumba yako mwenyewe. Shafi Adam Shafi alipotoa Haini mwaka 2003, aliyaandika yale tuliyoyameza: mauaji ya Rais Karume ya tarehe 7 Aprili 1972, na kamatakamata iliyofuata, ambayo naye mwenyewe ilimkumba. Orwell aliliweka jinamizi lake katika mwaka ambao ulikuwa haujafika. Shafi hakuwa na haja ya kubuni wakati ujao. Alitazama nyuma tu.

Orwell tulimjua zamani kwa Kiswahili. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, ilitoka mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha. Wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu walikuwa wakiwacheka nguruwe mwanzoni. Tukifika pale amri zinapobadilishwa kisirisiri ukutani, kicheko kilikuwa kikikatika, na hapo ndipo somo lilipoanza.

Lakini riwaya iliyonigusa zaidi ni Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001. Humo mkubwa mmoja aitwaye K, aliyeshiba mali na cheo, anajiwa na mzuka wa babu yake, ambaye anamtembeza akaone taabu za watu wake. Tazama tofauti na Orwell. Kule yaliyopita yanafutwa katika makaratasi, na mtu anabaki yatima wa kumbukumbu. Kwetu waliokufa hawafutiki. Huinuka wakadai hesabu. Huu ni ubunifu uliotoka katika imani na mila zetu wenyewe, wala haukuazimwa.

Tena K si dikteta. Ni msomi aliyejua haki na akachagua kula. Ndiyo maana kitabu hiki kinatuchoma sisi tuliopata elimu na vyeo, hata kama vyeo vyenyewe vilikuwa vidogo. Dunia haipotoki kwa mkono wa mtawala peke yake. Inahitaji makarani, walimu, wahubiri na majirani walioona na wakanyamaza.

Katama Mkangi wa Kenya, aliyepata kuwekwa kizuizini katika miaka ya 1980, alilijua hilo. Katika Walenisi, ya mwaka 1995, Dzombo anahukumiwa kufa, anarushwa angani katika chombo, akafikia katika nchi yenye haki. Nina lawama yangu: nchi hiyo ni safi mno, na wenyeji wake wanahutubu kuliko wanavyozungumza. Msomaji anaitamani bila ya kuamini kuwa mtu anaweza kuishi humo. Hata hivyo jina la kitabu linafaa kuliko hotuba zake zote. Litamke polepole: wale ni sisi.

Hapo ndipo ninapoupata mzani wa kupimia riwaya za namna hii. Iliyo dhaifu inatustarehesha kwa kutuonyesha waovu wa mbali, tukafunga kitabu tukisema Alhamdulillahi, hao si sisi. Iliyo bora hairuhusu hivyo. Inamkalisha msomaji pamoja na K, inamuuliza alinyamaza lini na kwa faida ya nani, halafu inamwachia jawabu ayatafute mwenyewe.