Waunda Maneno Walikuwa na Masikio

Wagonjwa wa kwanza walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ugonjwa wao haukuwa na jina la Kiswahili. Watu wakajitafutia lao. Kagera waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikivushwa mpakani kutoka Uganda. Baadaye mitaani yakazuka mengine: ngoma, umeme, miwaya. Yote yalikuwa majina ya kuzungukia jambo. Misibani hata hayo hayakutajwa. Msemaji wa familia alisimama, akasafisha koo, akasema marehemu aliugua kwa muda mrefu, na waombolezaji wakainamisha vichwa kwa kuwa walikwisha kuelewa.

Kisha likaja neno ukimwi.

Nataka kulisifu neno hili, ingawa najua limeacha nini katika nyumba nyingi. Kabla ya yote ni kazi ya ufundi. Aliyeliunda alikuwa na maneno matatu ya kitaalamu mezani, upungufu wa kinga mwilini, na angeweza kufanya kama wafanyavyo wavivu: kuchukua herufi ya kwanza ya kila neno, kuzipanga, kuweka nukta katikati na kwenda zake. Tungepata kitu kisichotamkika. Yeye hakuchukua herufi, alichukua silabi. U, ki, mwi. Silabi ndiyo pumzi ya Kiswahili. Neno letu hutembea kwa silabi zilizo wazi, na mtu yeyote aliyezaliwa katika lugha hii huzisikia kabla hajajua kusoma.

Halafu tazama alivyoianza kazi. Ile u ya mwanzo inaliingiza neno moja kwa moja katika ngeli ya ukoma, ukurutu, ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo siku ile ile lilipotangazwa lilikuwa tayari na upatanisho wake. Ukimwi umeingia. Ukimwi hauna dawa. Ukimwi huu. Hakuna aliyefundishwa. Mama sokoni, mvuvi, mwanafunzi wa darasa la tatu, wote walilitumia sawasawa mara ya kwanza, kana kwamba walilikuta kwa babu zao. Na ule mwisho wake, mwi, una uzito wa kushuka, unafunga neno kama mtu aliyekwisha kusema lililomleta. Leo kamusi zinaliandika kwa herufi ndogo, na vijana wengi wanalitamka bila kujua kwamba lilishonwa. Waliokwenda shule za Kifaransa, Bukavu, Bujumbura na kwingineko, wanasema sida. Sisi tulipata neno lililoota kwetu, na naamini liliokoa watu, kwa sababu jambo lenye jina la kueleweka linaweza kuzungumzwa kati ya mume na mke, kati ya binti na shangazi yake, bila kukodi lugha ya daktari.

Ufundi huu ulikuwa umeenea serikalini kuliko tunavyokumbuka. Tamisemi, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ni jina la ofisi kavu kabisa, lakini litamke polepole, ta-mi-se-mi, usikie lilivyo jepesi mdomoni. Mkukuta, mkakati wa kukuza uchumi na kupunguza umaskini Tanzania, ulianza na m ya mkakati wenyewe, ukaingia katika ngeli ya mti na mkeka bila kubisha hodi. Mkurabita, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge Tanzania, nao ni wa njia hiyo hiyo. Na iko Takukuru, ninayoipenda kuliko zote. Kabla ya sheria ya mwaka 2007 chombo hicho kiliitwa Takuru, Taasisi ya Kuzuia Rushwa. Sheria mpya ilipoongeza kazi ya kupambana, jina likaongezwa silabi moja, ku, na neno likawa na mwendo wa ngoma. Silabi hiyo haikuwa pambo. Mwananchi akiuliza hawa ni nani, jibu limo ndani ya jina: ni watu wa kuzuia na kupambana. Anaweza kuwaambia usoni, mbona hampambani? Jina lenyewe limempa hoja.

Katika siasa, nako kuna mafundi. Mwaka 2014 wapinzani katika Bunge Maalumu la Katiba kule Dodoma walijiita Umoja wa Katiba ya Wananchi, na ufupisho wake ukawa Ukawa. Msomaji ameona kwamba nimelazimika kulitumia neno lile lile kueleza habari yake. Ni kitenzi cha hadithi, kile cha hapo kale akatokea sungura akawa mfalme. Jina la muungano wa kisiasa likabeba ndani yake ahadi ya jambo kugeuka kuwa jingine, na kila aliyesimulia habari zao alijikuta akilitaja bila kukusudia. Miaka miwili baadaye Chadema wakaja na Ukuta, Umoja wa Kupambana na Udikteta Tanzania, na maandamano yaliyopangwa Septemba 1, 2016 yakaahirishwa. Ubaya au uzuri wa siasa hizo kila mtu anao mzani wake. Mimi nilisimama kwenye neno. Wazee wa ushairi walishtuka kidogo kulisikia, kwa sababu Ukuta ulikuwa wao kwanza: Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, chama cha malenga ambacho Mathias Mnyampala alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Malenga walijijengea ukuta wa kuihifadhi lugha. Wanasiasa wakajenga wa kuzuia wasilolitaka. Silabi zile zile zilibeba mizigo miwili tofauti, na yote miwili ilibebeka. Kinachoniuma ni kwamba vijana walioimba jina la pili hawakuwa wamesikia la kwanza.

Tusisahau kwamba nchi yenyewe ni neno la namna hii. Kwa miezi kadhaa ya mwaka 1964 tulikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina refu la kuandikwa kwenye hati. Oktoba likapatikana fupi, Tan na Zan zikaunganishwa, na kabla kizazi hakijapita tulikuwa na Mtanzania, Kitanzania, Utanzania, viambishi vikikaa kila kimoja mahali pake.

Majirani zetu Kenya wana sikio lao, kali na lenye haraka. Uchaguzi wa mwaka 2013 uliwapa UhuRuto, na kila nikilitazama neno hilo navutiwa na mahali pa kiungo: ru ya mwisho ya Uhuru ndiyo ru ya mwanzo ya Ruto, kwa hiyo wanaume wawili waliingia katika neno moja wakichangia silabi, na herufi kubwa katikati ikawa kama alama ya mshono. Tikiti yao ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Siku za karibuni vijana wa Nairobi wamechukua maneno mawili ya Kiingereza ya muhula mmoja wa urais, wakayaponda hadi yakawa wantam, na upande wa pili ukajibu kwa tutam, mihula miwili. Wapo wanaoyakunjia uso maneno haya kwa kuwa asili yake si ya hapa. Mimi nasikia kitu kingine: watu waliochukua maneno ya wenyewe wakayafinyanga kwa midomo yao, na neno likazaa neno kabla ya mwaka kwisha.

Lakini nikimtaja fundi mmoja wa ukanda huu nitamtaja Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu. Mzee huyu alitumia maisha yake kukusanya maneno ambayo wengine walikuwa wakiyaacha yazame. Utenzi wake Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa mwaka 1979, ni hazina ya msamiati wa kuunda chombo cha baharini, tangu mbao hadi tanga, alioutia katika mashairi ili usipotee pamoja na mafundi wake. Dunia ilipoleta vitu vipya hakukimbilia kwa wageni kuomba majina, alirudi kwenye hazina hiyo. Runinga, ambayo Wakenya wanaijua kuliko sisi huku, inavyoelezwa imetokana na rununu, habari inayosikika, na maninga, ambayo katika Kiswahili cha zamani cha kaskazini ni macho. Sikio na jicho vimeunganishwa katika silabi tatu. Ukiambiwa hivyo unaona chombo chenyewe upya.

Nafikiri si bahati kwamba mtu aliyejua merikebu ndiye aliyejua maneno. Mtepe wa Lamu haukupigwa msumari. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na chombo kikishushwa majini mbao zikanywa maji, zikavimba, mshono ukakaza. Neno la kuunganishwa nalo hujaribiwa likishaingia katika maji ya watu. Mengine hayakazi. Chajio, chakula cha jioni, ni neno zuri na limo katika vitabu vya shule, pamoja na nduguye chamcha wa mchana. Watoto wanayajibu kwenye mtihani, wakirudi nyumbani wanaitwa kula ugali. Sina kinyongo na waliojaribu; jaribio lililoshindwa kwa uaminifu lina heshima yake, na chajio huenda bado linangoja siku yake.

Mengine yalikazwa na watu wasiokuwa na kamati yoyote. Mamantilie. Kulikuwa na mtu mwenye njaa, akanyoosha sahani kwa mama muuza chakula pembeni mwa barabara, akasema, mama, nitilie. I ikamezwa kama pwani inavyomeza vokali zake, na ombi likageuka jina la kazi, la mtu na la mahali. Baadaye wakubwa wakaona mama lishe ndilo la heshima. Sikubaliani nao. Katika mamantilie unasikia sauti ya mlaji na ukarimu wa mpishi pamoja. Katika mama lishe nasikia semina. Vivyo hivyo mabasi ya Dar es Salaam yalipoanza mwaka 2016 yaliandikiwa jina rasmi la mabasi yaendayo haraka, abiria wakaona hilo litawachelewesha, wakasema mwendokasi.

Hata katika siku za korona tulikuwa bado na mkono. Uviko ulifuata njia ya ukimwi, ugonjwa wa virusi vya korona, silabi kwa silabi, na yalipojengwa madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa wakati ule, wananchi waliyaita madarasa ya Uviko. Jina la tauni likahamia kwenye jengo la watoto wa kidato cha kwanza, na hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa neno lilikwisha kuwa letu.

Basi nini kimetokea? Reli mpya imekuja, kubwa, ya fahari, na tumeikabidhi herufi tatu, es-ji-ar. Bwawa kubwa kuliko yote nchini, lililobeba jina la Mwalimu Nyerere aliyekitia Kiswahili nguvu, kwenye nyaraka na vibao ni JNHPP, herufi tano ambazo ulimi wa Kiswahili hauna pa kuzishika. Mpango wa vijana na kilimo ulipewa jina la Kiswahili tena zuri, Jenga Kesho Iliyo Bora. Silabi zilikuwapo, zimelala mezani, je, ke, bo, zikimngoja mtu mwenye sikio. Tukapewa BBT.

Mradi wa namna hii haufiki kwa waziri kabla ya mhandisi kuupima, mwanasheria kuusoma, mhasibu kuukagua na mtaalamu wa mazingira kuweka saini. Jina hutungwa katika andiko la kuombea fedha, kwa lugha ya mtoa fedha, na hakuna anayekumbuka kulipitisha kwa mtu wa lugha. Wakati huo Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967, vyuo vyetu vina taasisi nzima za Kiswahili, na malenga hawajaisha Tanga wala Unguja. Wangeitwa wangekuja, hata bila posho.

Mtoto akimuuliza mama yake Takukuru ni nini, mama anaweza kulifungua neno silabi moja moja mpaka mtoto aelewe kazi ya watu wale, na mwenyewe akumbuke kwamba waliahidi kupambana. Mtoto huyo huyo akiuliza B ya pili katika BBT ni ya nini, mama aliyelima maisha yake yote, ambaye mpango ule unasema ni wa watoto wake, inabidi amwambie asubiri akamuulize mwalimu.