Fundi wa Magari ya Ng'ombe, Kericho

Abiria wa njia ya Nakuru kwenda Kisumu hulifahamu gurudwara la Kericho, hekalu la Masingasinga, hata kama hawajui lilijengwa kwa kumbukumbu ya nani. Jengo ni kubwa mno kwa mji wa kiasi kile. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi sakafuni, unaletewa dali na chapati, na hapana atakayekuuliza dini yako wala kabila lako. Liliposimama palikuwa na karakana iliyoitwa Kericho Wagon Works. Fundi wake alikuwa Puran Singh, ambaye Masingasinga wa Uingereza na India humtaja mpaka leo kwa jina la mji huu wa chai: Baba wa Kericho.

Alizaliwa Punjab mwaka 1898, akaja Kenya mwaka 1916, kijana wa miaka 18 hivi. Waumini wanaomsimulia huharakisha kufika kwenye sala na mafundisho yake. Sina ugomvi nao. Mimi hunivuta zaidi ile karakana, maana naamini heshima ya fundi huanzia kwa waliomletea kazi kabla ya waliomfuata kusali.

Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 haikupita Kericho. Stesheni ya karibu ilikuwa Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, na kutoka hapo shehena ilipandishwa kwa barabara ya udongo. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Brooke Bond na ile ya James Finlay ya Glasgow zilianza kugeuza vilima vya Kericho kuwa mashamba ya chai, na nchi ambayo mvua yake hunyesha karibu kila alasiri ikahitaji vyombo vya kubeba mizigo mizito katika matope. Kabla ya lori kuenea, chombo hicho kilikuwa gari la ng'ombe. Na gari la ng'ombe ni magurudumu. Mengine yote, sanduku, mti wa kukokotea, nira, seremala wa kawaida angeyamudu.

Gurudumu la mti halisamehe kosa. Kitovu huchongwa kwa mti mgumu uliokaushwa kwa miaka, si miezi, kwa sababu mti mbichi ukikaushwa na jua baada ya kutobolewa, matundu hulegea na kila spoki huanza kucheza. Spoki nazo hazisimami wima kabisa. Huelekezwa nje kidogo, gurudumu lionekane kama sahani isiyo na kina. Anayeliona kwa mara ya kwanza hudhani fundi alikosea. Ukweli ni kwamba ng'ombe hatembei kama injini. Huyumba, bega hili kisha lile, na mzigo huyumba naye, ukisukuma gurudumu kwa ubavu kila hatua. Gurudumu bapa lingefumuka. Hili lililoinama huupokea msukumo na kuupeleka kwenye ukingo.

Ukingo wenyewe ni vipande vya mti vilivyochongwa kwa upinde, kila kimoja kikipokea spoki mbili. Kati ya kipande na kipande huachwa upenyo mdogo. Upenyo huo ndio unaomtofautisha fundi na mwanagenzi, kwa sababu umeachwa kwa ajili ya kazi ambayo bado haijafanyika: kuvisha chuma.

Hapo hupimwa mzunguko wa ukingo kwa kigurudumu kidogo cha mkono kinachoviringishwa huku mizunguko ikihesabiwa. Ukanda wa chuma hukatwa uwe mfupi kidogo kuliko mzunguko huo, ukaungwa kwa nyundo na moto kuwa pete. Ukijaribu kuuvisha ukiwa baridi, hauingii. Kwa hiyo huwekwa motoni. Pete yenye mzunguko wa mita 4, ikipata joto la nyuzi 500 hivi, huongezeka kwa kadiri ya sentimita 2 na nusu, na katika nafasi hiyo ndogo kazi yote huamuliwa. Watu wawili au watatu huinyanyua kwa koleo, huishusha juu ya mti, mti hushika moto, maji humwagwa. Chuma kinaposinyaa, gurudumu zima hulia: spoki huzama kwenye kitovu, penyo hufungika, sahani hupata kina chake. Kama fundi alikata pete ndefu mno, itang'oka kiangazi cha Januari mti unapokauka. Kama alikata fupi mno, itavunja spoki papo hapo mbele ya mwenye gari. Kipimo kilifanywa kabla ya moto, na moto hauna subira ya kurekebisha.

Mwenye gari hukabidhiwa kitu asichoweza kukikagua. Penyo zimefunikwa na chuma, matundu ya spoki yamo ndani ya kitovu. Ataijua kazi siku gari litakapozama bondeni, maili kadhaa kutoka mjini, na mbolea au mabati yakiwa juu. Ndiyo maana katika miji midogo ya Kenya neno la fundi aliyeaminika lilihesabiwa hata katika mambo yasiyohusu mbao. Aliyewahi kukuficha ufa usingempelekea shauri la mpaka wa shamba.

Katika miaka ya 1970 Puran Singh alikuwa Uingereza, na huko Handsworth, Birmingham, akaasisi jumuiya ya Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha, yenye kawaida ya kutumikia watu bila kutaka malipo. Alifariki mwaka 1983. Warithi wake, nadhani, hawakuusahau ufundi: kati ya mwaka 1995 na 1999 jumuiya hiyo iliongoza kazi ya kulivisha upya dhahabu Hekalu la Amritsar, nayo ni kazi nyingine ya tabaka jembamba na moto ambayo haraka huiharibu.

Kericho penyewe kuna chuo cha ufundi chenye jina lake. Hapana atakayeagiza gurudumu la mti leo, na sitaki kujifanya nalikumbuka kwa machozi. Lori ni bora. Lakini ile kanuni ya pete ingali kazini kila siku katika karakana za viwanda vya chai, kuanzia Litein mpaka Mogogosiek. Beringi mpya isiyotaka kuingia kwenye shafti haipigwi nyundo. Huchemshwa katika mafuta, ikatanuka, ikateleza mahali pake, na mwenye mkono mwepesi akaishikilia imenyooka mpaka ipoe. Mwanafunzi akianza na hilo, ya kitovu na spoki atayaelewa mwenyewe.