Mariana na handaki la maji: tumemsoma vibaya?

Mnaopenda Shakespeare mtamkumbuka Mariana wa Measure for Measure, tamthilia iliyochezwa mbele ya mfalme mwaka 1604. Kaka yake alizama baharini pamoja na mahari yake (kwao mahari ilitoka upande wa mwanamke), na mchumba wake Angelo, kuona hakuna fedha tena, akamwacha. Tunamkuta peke yake kwenye nyumba ya shamba iliyozungukwa na handaki la maji. Mwaka 1830 Tennyson akaichukua nyumba hiyo na kuitungia shairi zima: kutu, maji yaliyotuama, mwanamke anayemsubiri mtu asiyekuja.

Wengi wetu, na mimi nimo, tunalisoma handaki hilo kama gereza. Ila udongo wa Uingereza unasimulia mengine. Nyumba za namna hii zilijengwa zaidi kati ya 1250 na 1350 hivi, na mabaki yake ni maelfu, hasa kwenye ardhi ya mfinyanzi ya Essex, Suffolk na Warwickshire, kwao Shakespeare. Mara nyingi nyumba yenyewe haipo. Kimebaki kiwanja cha mraba katikati ya malisho, na bonde la pembe nne kukizunguka. Mahandaki mengi hayo yasingezuia jeshi. Yalifugiwa samaki, yalisaidia kukausha kiwanja, yalisumbua wezi, na zaidi ya yote yalitangaza kwamba hapa anakaa mtu wa heshima. Wakubwa walikuwa na ngome. Mwenye shamba naye akachimba lake afanane nao.

Sasa mrudie Mariana. Maji yanayomzunguka ni alama ya hadhi, na fedha ya kuibeba hadhi hiyo imezama. Hapo ndipo naona Tennyson kapunguza kitu. Huzuni yake ni nzuri mno, sibishi, lakini hesabu ya mahari haimo, na aliyemwacha binti wa watu hatajwi hata jina. Anabaki mwanamke na majonzi yake, kana kwamba yalijiotea tu.

Shakespeare anamtoa nje. Mariana anakwenda mjini, anafunua uso mbele ya mtawala na kumdai Angelo hadharani. Mahandaki yale yalikuwa na daraja au njia ya udongo ya kuvukia, kwa hiyo kutoka kuliwezekana. Shairi lisomeni, ila anzeni na tamthilia.