Wali mweusi wa Katalonia: kazi kubwa huisha kabla mchele haujatiwa

Ukiagiza wali mweusi, arròs negre, katika mgahawa wa kawaida wa Empordà, kaskazini-mashariki mwa Katalonia, mara nyingi mhudumu atakuambia mambo mawili kabla hajaondoka: haupikwi wa mtu mmoja, na itabidi usubiri. Ukiiva, unaletwa mezani ndani ya chombo kilekile ulichopikiwa, kipana na kifupi. Kwa macho hauna mvuto. Una rangi ya kahawa iliyokaribia weusi, vipande vya dome vimejificha ndani, na pembeni kuna kibakuli cha allioli, yaani kitunguu saumu kilichopondwa na kuchanganywa na mafuta ya zeituni mpaka kikawa kizito. Ukionja ndipo unajiuliza: viungo vichache hivi vimetoaje ladha nzito namna hii?

Wengi watakujibu kwamba ni wino. Ni kweli kwamba sehemu nyingi weusi hutokana na wino wa ngisi au dome, na wino huo huuzwa hata dukani ukiwa kwenye pakiti ndogo. Lakini Palafrugell na vijiji jirani wana mtindo wa zamani usiotegemea wino. Huko weusi ni wa kitunguu.

Hatua hiyo huitwa sofregit, na ndiyo inayobeba chakula kizima. Vitunguu maji hukatwa vidogo sana, hutiwa kwenye mafuta ya zeituni na kuachwa kwenye moto mdogo kwa saa nzima au zaidi. Kwanza hutoa maji, kisha hulainika, halafu sukari iliyomo huanza kubadilika rangi taratibu. Vikianza kushika chini, mpishi hunyunyiza maji kidogo, hukwangua, huacha yakauke, kisha hurudia. Mwisho kitunguu hakionekani tena kama kitunguu. Kimekuwa rojo jeusi linalong'aa. Hapo ndipo nyanya iliyokwaruzwa huingia, nayo hukaangwa mpaka maji yaishe na mafuta yajitenge. Mpishi wa pilau wa pwani yetu ataielewa kazi hii mara moja, maana naye rangi ya pilau huitafuta kwenye kitunguu. Tofauti ni kwamba mwenzake hana bizari, iliki wala karafuu za kumsitiri. Kitunguu kikiungua, chakula chote kitakuwa kichungu.

Mbinu yenyewe ni kongwe. Llibre de Sent Soví, kitabu cha mapishi cha Kikatalani cha mwaka 1324, kinaitaja sofregit wakati ambapo nyanya ilikuwa bado haijafika Ulaya kutoka Amerika. Nyanya ni nyongeza; kitunguu ndicho msingi.

Nguzo ya pili ni supu. Wavuvi walitumia samaki wadogo wa miambani wasio na bei, pamoja na vichwa, mifupa na kaa. Supu haichemshwi muda mrefu kama ya mifupa ya ng'ombe; nusu saa hivi inatosha, kwani mifupa ya samaki ikizidishiwa moto huharibu ladha. Inapokutana na mchele iwe inachemka, na chumvi yake iwe imezidi kidogo, kwa sababu mchele wenyewe hauna ladha na utainywa yote.

Sasa mchele. Sehemu kubwa ya mchele wa Katalonia hulimwa kwenye delta ya mto Ebro, kusini, ambako mashamba hujazwa maji majira ya kuchipua na mavuno huanza Septemba. Kaskazini kuna eneo dogo la Pals, karibu na Palafrugell. Punje ni fupi na nene. Aina maarufu ni bomba, ambayo ina wanga mwingi wa aina ya amilosi. Hunywa supu karibu mara tatu ya ujazo wake bila kupasuka. Aina kama bahia hushika ladha vizuri, lakini ukichelewa dakika mbili tu umepata mashendea. Ndiyo maana jiko lenye wateja wengi hupenda bomba: si lazima uwe mtamu zaidi, ila unavumilia.

Mchele hauoshwi, kwa kuwa wanga wa juu ndio unaoipa supu uzito. Ukishatiwa supu, haukorogwi ovyo kama Waitalia wanavyofanya na risoto. Moto huwa mkali dakika chache za mwanzo, kisha hupunguzwa, na kwa dakika 17 au 18 hivi kazi imeisha. Zikibaki kama 5, huingia picada: lozi, kitunguu saumu na kipande cha mkate uliokaangwa, vyote vikiwa vimetwangwa kwenye kinu. Lozi hutia mafuta na harufu, mkate hushika supu iliyobaki. Kama chombo ni cha udongo, mpishi hukiepua mapema kidogo, kwa sababu udongo huendelea kupika hata ukiwa nje ya moto.

Usiupime wali huu kwa ukoko. Ukoko ni fahari ya Valencia na paella yake. Wali wa Kikatalani wa cassola, yaani chombo kile kipana na kifupi, mara nyingi huachwa na unyevu, na mwingine huwa na supu ya kunyweka kwa kijiko. Cha kupima ni punje: iwe laini nje, na katikati ibaki na ugumu kidogo.

Tahadhari moja. Empordà wanapenda kuchanganya bahari na nchi kavu kwenye chombo kimoja: dome au kamba pamoja na sungura, mbavu za nguruwe au soseji. Hata wali unaoonekana wa baharini unaweza kuwa umeanzishwa kwa mafuta ya nguruwe. Asiyekula aulize kabla ya kuagiza.

Barcelona nako, migahawa mingi huweka wali kwenye menyu ya mchana ya Alhamisi kwa bei nafuu. Huo hupikwa kwenye sufuria kubwa, na punje huendelea kunywa supu kadiri saa zinavyokwenda. Anayekula saa saba na nusu na anayekula saa tisa na nusu hawali chakula kimoja, hata kama wamelipa sawa.

Kwa hiyo muda wa kusubiri ndio kipimo rahisi kuliko vyote. Sofregit na supu huweza kuandaliwa tangu asubuhi, lakini mchele hauna njia ya mkato. Ukiahidiwa wali mweusi uliopikwa kwa ajili yako ndani ya dakika 10, agiza samaki wa kuchoma.